Mwongozo kamili: Mont-Saint-Michel na Saint-Malo kwa siku moja na watoto, bila kugombana na maji

Nakaa Rennes, Ufaransa, na kila ikikaribia Pasaka simu yangu haipumziki. Mashemeji wa London, ndugu wa Brussels, marafiki wa Paris, wote wanataka kitu kimoja: asubuhi wawapeleke watoto Mont-Saint-Michel, kisiwa cha mlima wa mawe chenye abasia (monasteri ya watawa) juu yake, mchana wacheze pwani Saint-Malo, usiku warudi kulala. Inawezekana, tena ni siku tamu mno. Ila karibu kila familia inakwama palepale. Wanaanza na Saint-Malo maana watoto wamesikia habari ya bahari na hawataki kusikia kingine, wanafika Mont-Saint-Michel saa 9 mchana, foleni imejaa, tiketi za muda ule zimeisha, mtoto mdogo kalala kwenye kigari ambacho hakipandi ngazi, na safari nzima inaishia kwenye maduka ya sumaku za friji.

Nimeshaeleza haya kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka, basi nayaandika yote hapa mara moja. Kikubwa ni hiki: siku hii inapangwa na maji ya bahari kwanza, saa yako inafuata. Na abasia inatangulia, mji wa pwani unakuja baadae.

Historia siigusi, vibao vimejaa kule.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa mlango

Karatasi kwanza. Kama unatoka Uingereza na pasipoti yako ni ya Kenya, Tanzania au Uganda, kibali chako cha kukaa Uingereza hakikuingizi Ufaransa, unahitaji viza ya Schengen, hata kama watoto wako wana pasipoti za Uingereza na wanapita bila viza. Nimeona familia imegawanyika bandarini kwa jambo hili, inauma kuangalia. Mnaoishi Ufaransa bebeni titre de séjour (kibali cha kukaa) ya kila kijana aliyefikisha miaka 18, ntaeleza kwa nini.

Vingine:

- Kanga au kitenge kikubwa cha kumbebea mtoto mgongoni. Kigari kiacheni kwenye gari.
- Raba zenye soli inayoshika. Mawe ya kule ni granite, yamesuguliwa na miguu ya watu karne na karne, yakilowa yanateleza kama sabuni. Ndala ziwe kwenye begi kwa ajili ya pwani.
- Jaketi jepesi la upepo kwa kila mtu, hata mwezi wa nane.
- Chakula cha mchana kutoka nyumbani: chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, sambusa, matunda, na maji ya kutosha.
- Begi dogo tu. Masanduku na mabegi makubwa hayaruhusiwi kuingia abasia, kuna ukaguzi mlangoni, na ukifika nalo juu unarudishwa chini na ngazi zote zile.
- Nguo za kubadilisha, taulo, na mfuko wa plastiki wa nguo zenye mchanga.
- Ratiba ya maji ya siku hiyo, uwe umeipiga picha kwenye simu. Bila hii usitoke.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia maji, sio kwa kuangalia jua

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi nimekulia Tanga, na ukikulia pwani unajua bamvua na maji mafu bila kufundishwa darasani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadae maji yanajaa sana na kupwa sana, hiyo bamvua. Katikati yake maji yanalegea, hayo mafu. Huku ni vilevile, tofauti ni ukubwa. Kwetu bamvua inapandisha maji kama mita 4 hivi. Kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 14. Kumi na nne! Bahari inakimbia kilomita nyingi ikipwa, huioni kabisa, halafu inarudi.

Wafaransa wanapima nguvu ya maji kwa namba inayoitwa coefficient, inaanzia 20 mpaka 120. Chini ya 50 ni maji mafu kabisa, 95 kwenda juu ni bamvua, na ikivuka 110 mlima unazungukwa na maji pande zote unakuwa kisiwa kweli, hata mwisho wa daraja unafunikwa kwa muda. Bamvua kubwa kuliko zote zinakuja mwezi wa tatu na mwezi wa tisa.

Fungua ratiba ya SHOM, ambayo ni taasisi ya serikali inayohusika na bahari, chagua bandari ya Saint-Malo. Utaona maneno mawili: pleine mer ni maji kujaa, basse mer ni maji kupwa. Kwa safari hii tafuta siku ambayo basse mer inaangukia kati ya saa 8 mchana na saa 11 jioni, yaani 14h hadi 17h.

Kwa nini? Kwa sababu maji yakipwa mchana, maana yake asubuhi yalijaa. Ukifika kwenye Mont asubuhi mapema unayakuta bado yapo au ndo yanaondoka, watoto wanaona maajabu yenyewe. Halafu ukifika Saint-Malo mchana pwani ni pana, visiwa vidogo vinafikika kwa miguu, na bwawa la maji ya chumvi limebaki limejaa. Na Mungu ametupendelea, manake sehemu hii siku za bamvua ndivyo inavyokuwa karibu kila mara, maji yanajaa asubuhi na usiku, yanapwa mchana. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa mchana, unafika Saint-Malo unakuta pwani imeliwa imebaki kipande.

Mimi familia zenye watoto wadogo nawaambia coefficient kati ya 75 na 105. Juu ya 110 ni nzuri kwa macho lakini inabidi ufike angalau saa mbili kabla maji hayajajaa, au usubiri ng'ambo mpaka njia ifunguke, na mtoto wa miaka minne hajui kusubiri.

Onyo: ratiba nyingine zilizochapishwa zinaandikwa kwa saa za baridi tu, wakati wa kiangazi unatakiwa uongeze saa moja mwenyewe. Angalia maandishi madogo chini. Saa moja hapa ni tofauti ya kutembea mchangani na kukwama.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe moja, saa ya kujaa na saa ya kupwa, umeziandika, na umemtumia kila mtu anayekuja.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya abasia, hata za watoto wa bure

Kuingia kisiwani na kutembea kijijini ni bure. Kinacholipiwa ni abasia juu. Tiketi inakatwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya Centre des monuments nationaux, ndio wanaosimamia, na inakuwa na saa maalum ya kuingia. Mtu mzima inazidi euro 10, bei inabadilika kwa msimu.

Walio chini ya miaka 18 wanaingia bure. Vijana wa 18 hadi 25 wenye uraia wa Umoja wa Ulaya ni bure, na asiye na uraia huo lakini anaishi Ufaransa kihalali pia ni bure, ndo maana nikasema mbebe titre de séjour. Wanaotafuta kazi waliosajiliwa Ufaransa nao wana haki hiyo wakiwa na cheti, na mlemavu pamoja na anayemsindikiza. Watu wengi wetu wanalipa kitu ambacho wangepewa bure kwa sababu tu hawakuuliza.

Lakini bure haina maana hukati tiketi. Mtoto naye anawekewa nafasi yake ya saa ileile, sifuri euro. Wakati wa likizo nafasi zikijaa zimejaa.

Chagua saa ya kwanza kabisa. Kuanzia tarehe 2 Mei hadi 31 Agosti abasia inafunguliwa 9h, miezi mingine 9h30. Inafungwa tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Mtu wa mwisho anaingia saa moja kabla ya kufunga.

Na hapa niseme kitu kuhusu saa. Kwenye kundi la familia ukiandika "tiketi ni saa 3" kuna shangazi atasoma saa tatu asubuhi, kuna kijana aliyezaliwa Ulaya atasoma saa 15. Hili limetokea kwetu, kijana akaja na gari lake mchana, sisi tumeshamaliza. Andika 9h kama Wafaransa, kila mtu ataelewa kitu kimoja.

Hatua ya 3: Fika kabla ya saa 2 na nusu asubuhi

Kwa gari, Rennes mpaka Mont ni kama saa moja. Caen ni saa moja na dakika ishirini hivi kwa barabara ya A84 ambayo hailipiwi. Paris ni saa nne, na kwa watoto mimi siishauri kwenda na kurudi siku moja, laleni Rennes au Pontorson usiku wa kuamkia.

Bila gari: treni ya TGV kutoka Paris Montparnasse inafika Rennes kwa saa moja na nusu hivi, pale pembeni ya stesheni kuna mabasi ya kwenda Mont, njiani saa moja na kidogo. Mabasi sio mengi kwa siku. Kata tiketi za kwenda na za kurudi kabla, na kama unataka na Saint-Malo siku hiyohiyo kwa usafiri wa umma hakikisha kuna basi la moja kwa moja siku yako, maana halipo kila msimu. Likikosekana nawaambia kabisa, chagueni sehemu moja. Kuwaburuza watoto Mont, Pontorson, Dol, Saint-Malo, halafu Rennes ndani ya siku moja ni kuwaonea.

Saa 2 na nusu (8h30) muwe mmeshapaki, na kama tiketi yenu ni ya 9h basi mapema zaidi. Mabasi makubwa ya watalii yanaanza kumwaga watu kwenye saa 4, kuanzia hapo mpaka saa 10 jioni ule mtaa mmoja wa kijiji unakuwa kama Kariakoo siku moja kabla ya Idi, tofauti ni kwamba hapa upana wake ni mita chache tu.

Hatua ya 4: Paking, choo, halafu basi la bure

Huwezi kuendesha mpaka ukutani. Paking iko bara, kama kilomita 2 na nusu kutoka mlimani. Piga picha ya namba ya eneo ulilopaki, maeneo yanafanana. Utalipa wakati wa kuondoka, na ni pesa inayoonekana, iweke kwenye bajeti.

Kila mtu aende choo hapohapo kwenye jengo la wageni. KILA MTU, hata anayesema hana haja. Juu vyoo ni vichache na njia ya kutembelea abasia inaenda upande mmoja, kurudi nyuma na mtoto anayebana mkojo ni mtihani.

Kisha kuna basi la bure wanaliita Passeur, linachukua kama dakika 12, linawashusha darajani mita 400 hivi kabla ya geti. Mnaweza pia kutembea, dakika 40 au 45, na ukiwa na watoto wa miaka nane kwenda juu asubuhi yenye jua basi tembeeni, manake mlima unakua mbele yenu hatua kwa hatua na hakuna picha inayoweza kuonyesha hilo. Wenye wadogo wapandeni basi. Miguu mtaihitaji.

Onyo ambalo nalisema kwa herufi zote: msishuke mchangani kuzunguka mlima wenyewe. Mchanga unaonekana mgumu, kumbe kuna sehemu zinadidimiza mguu mpaka gotini na kuushika, na maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele tu, yanapita kwenye mifereji nyuma yako unakuta umezingirwa. Kuna waongozaji wenye leseni wanaovusha watu ghuba kwa miguu, hiyo ni safari ya siku nyingine yenye bei yake. Kina sisi tuliokulia pwani ndo tunajiamini kupita kiasi hapa. Bahari ya kwetu haikukufundisha hii.

Hatua ya 5: Panda kwa ukutani, usipande kwa madukani

Ukipita geti la tatu, Porte du Roy, mbele yako ni Grande Rue, maduka na migahawa kushoto kulia. Watu wote wanakwenda huko. Nyie tafuteni ngazi za kupanda kwenye ukuta wa ngome, ziko karibu tu baada ya geti. Njia ya ukutani ina upepo, ina mandhari ya ghuba, na haina mtu wa kumuuzia mwanao upanga wa plastiki.

Mwenye bibi au babu asiyependa ngazi nyingi kuna njia ya upande wa kushoto kabla hata ya geti kuu, kupitia Fanils. Mteremko wake ni mpole zaidi. Lakini nisiwadanganye, mpaka kanisani juu jumla ni ngazi kama 350, na abasia yenyewe haikwepeki ngazi. Kama goti la mama linauma, abaki na mtu mmoja kijijini au darajani kwa bwawa la mto Couesnon, kuna sehemu ya kukaa inayotazama mlima, na kwa kweli mandhari ya kutokea pale mi naipenda kuliko ya ndani.

Mtoto mchanga afungwe mgongoni kwa kanga toka getini. Mama mmoja wa Kikongo alinipita pale juu mwana kalala mgongoni kwenye kitenge, wazazi wengine wote tumeshika kigari huku na huku tunahema. Tangu siku hiyo kigari sijakibeba tena.

Pumzikeni mara tatu. Msishindane. Mkifika mlango wa abasia dakika 15 kabla ya saa ya tiketi, mko sawa.

Hatua ya 6: Ndani ya abasia, wape watoto kazi

Kama ulikulia karibu na Peramiho au Ndanda, neno abasia huhitaji kuelezwa, na Wabenediktini hao hao ndio walioishi hapa kuanzia mwaka 966. Ila mtoto wa miaka saba hana haja na mwaka 966. Anahitaji kitu cha kutafuta. Mimi nawapa vitu vinne, na mpaka leo hakuna mtoto aliyelalamika.

Cha kwanza, kwenye uwanja wa juu mbele ya kanisa, yale mawe ya sakafuni yana alama, herufi na namba za mafundi waliyoyachonga. Nani ataona nyingi?

Cha pili, kwenye bustani ya ndani yenye nguzo nyembamba pande zote, nguzo zimepangwa safu mbili lakini hazilingani, moja imekaa katikati ya mbili. Waambie wakae chini watazame kwa mshazari, wataona zinavyokimbia. Upande mmoja kuna madirisha makubwa matatu yanayofungukia angani, hapo palikuwa pajengwe chumba kingine ambacho hakikujengwa. Shika mkono wa mtoto hapo.

Cha tatu, ukumbi waliokula watawa. Simameni mlangoni muulize: mwanga unatoka wapi? Ukumbi umejaa mwanga na madirisha huyaoni, maana yamefichwa kwenye unene wa kuta. Tembeeni, yanaanza kujitokeza moja moja. Mimi mtu mzima bado huwa nasimama hapo.

Cha nne ndo wanachokikumbuka mpaka nyumbani: gurudumu kubwa la mbao. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa abasia iligeuzwa gereza mpaka mwaka 1863, na wafungwa waliingia ndani ya gurudumu hilo wakatembea, gurudumu likizunguka linavuta mizigo ya chakula kutoka chini kwa reli ya mawe iliyoegemea ukuta. Watoto watauliza maswali mengi kuhusu wafungwa. Wajibuni ukweli.

Kanisa ni kanisa linalosaliwa, kuna jumuiya ya watawa wanaishi hapo toka 2001, kwa hiyo sauti chini. Wakatoliki wanaotaka misa waangalie ratiba, siku nyingi huwa mchana, siku zingine haipo.

Saa moja na nusu inatosha. Mkiona watoto wanaanza kulala ukutani, tokeni. Hakuna mtihani.

Hatua ya 7: Saa 5 na nusu muwe mnashuka

Sasa shukeni kwa Grande Rue, mnunue kitu kidogo kama mnataka, na mtakutana na umati ndo unapanda. Omleti maarufu ya pale bei yake itakutoa jasho kwa familia ya watu watano, na mimi nasema wazi sioni inachozidi mayai mengine. Kuleni chapati zenu bara, pale kwenye ngazi za bwawa la mto au kwenye nyasi. Ndani ya abasia kula hakuruhusiwi.

Ishara kwamba asubuhi imekwenda vizuri: saa 7 mchana (13h) mko kwenye gari, wameshiba, wadogo wanasinzia.

Hatua ya 8: Barabara ya kwenda Saint-Malo

Kilomita 55 hivi, chini kidogo ya saa moja kwa barabara kubwa. Barabara za Bretagne hazina malipo. Watoto watalala, na huo usingizi ndo utakaowabeba jioni, kwa hiyo msisimame ovyo.

Kuna njia ya pwani kupitia Cherrueix na Cancale. Ni nzuri lakini inakula muda. Kama mnapenda chaza, Cancale wanauza kwenye vibanda bandarini, wanakufungulia hapohapo na kipande cha limau, mnakula mkitazama bahari. Chagueni kimoja: Cancale au kucheza Saint-Malo kwa kutulia. Ukiwa na watoto, nenda moja kwa moja.

Hatua ya 9: Saint-Malo maji yakiwa yamekupwa

Usiingize gari ndani ya mji wa ukutani. Paki nje ya ukuta karibu na Porte Saint-Vincent, au kiangazi watu wakijaa tumia paking ya Paul Féval yenye basi la kwenda mjini. Wa treni, stesheni mpaka ukutani ni dakika 15 hadi 20 kwa miguu.

Panda juu ya ukuta. Ni bure na unazunguka mji wote, kama kilomita 2 hivi. Na watoto usizunguke yote, fuata upande wa bahari tu mpaka ushuke pwani ya Bon-Secours. Hapo kuna bwawa la kuogelea lililojengwa baharini: maji yakijaa linapotea kabisa, yakipwa linabaki limejaa maji ya chumvi, na mnara wa kurukia uko palepale. Maji ni ya baridi jamani, sio Raskazone ya kwetu Tanga. Wadogo waingie miguu kwanza.

Kutoka pwani hiyohiyo kuna njia ya mawe kwenda kisiwa cha Grand Bé. Juu kuna kaburi la mwandishi mkubwa wa Kifaransa, halina jina, msalaba tu unatazama bahari. Kwenda na kurudi na kupumzika ni dakika 40 hivi.

Sheria za hapa ni tatu na hazina mjadala:

1. Linganisha saa ya basse mer uliyoiandika na kibao kilichopo pwani. Usiende kama maji yameshapwa na sasa yanarudi kwa nguvu.
2. Maji yakianza kugusa njia ya mawe, usivuke, hata kama wengine wanavuka na maji ni ya kifundoni. Yanapanda haraka na yanavuta.
3. Mkinaswa upande wa kisiwani, kaeni juu msubiri mpaka yapwe tena. Ni masaa mengi na watoto watalia, lakini watalia wakiwa hai. Kukiwa na dharura piga 112.

Kwa wadogo sana kuna pwani ya Môle, iko upande mwingine wa ukuta, imekingwa na upepo, ni ndogo na unawaona wote kwa jicho moja. Wakubwa wanaotaka kukimbia wana Sillon, mchanga wa kilomita 3 na magogo ya mwaloni yamesimikwa kama jeshi kuvunja mawimbi.

Chakula cha jioni ni galette, ile kama chapati nyeusi ya unga wa buckwheat. Sikilizeni Waislamu: ile inayoitwa complète ina nguruwe ndani, waambie "sans jambon", wabaki na yai na jibini. Na cidre wanayoleta kwenye vikombe vya udongo ni kilevi japo inaonekana kama juisi ya tufaha, omba "jus de pomme". Kwa utamu kuna crêpe ya karameli yenye siagi ya chumvi, hiyo kila mtu.

Hatua ya 10: Kurudi

Migahawa mingi jikoni hakuwaki mpaka saa 1 jioni (19h), kwa hiyo mwenye treni ya jioni anunue crêpe dirishani ale akitembea. Saint-Malo hadi Rennes kwa treni ni kama saa moja kasoro, na treni za usiku ni chache hasa Jumapili, angalia ya mwisho asubuhi kabla hujaondoka, uikate, na upange kupanda ile iliyo kabla ya hiyo.

Kabla ya kuwasha gari kung'uteni mchanga, badilisheni watoto nguo, hesabuni vichwa. Na ile kanga usiiweke kwenye buti, iache kiti cha nyuma, mmoja ataihitaji kujifunika kabla hamjafika hata barabara kubwa.